Nimeitwa intavyuu ya developa wa bakendi, wanaulizaga nini hasa?

mbagala_kwetu ameandika:

Habari za saa hizi wakuu. Niende moja kwa moja. Nimemaliza chuo mwaka jana, IT, tangu hapo napiga vibarua vya mfumo mmoja mmoja, wa duka, wa shule, wa kikoba cha kina mama huku kwetu, yaani hela ya vocha tu. Juzi HR wa kampuni moja hapa Dar inayofanya mambo ya malipo kanipigia, wanatafuta developa junia wa bakendi (upande wa seva na databesi ambao mtumiaji hauoni), akasema kwanza kuna intavyuu ya kiufundi inayochukua saa moja kwa Google Meet halafu nikipita naenda ofisini kukaa na paneli. Zaidi ya hapo hajasema.

Natumia Laravel ya PHP, databesi ya MySQL naimudu, Python yangu ni ya kuombea maji. Nikiingia YouTube kila video wanasema kasome algoritimu, sijui kageuze mti wa bainari (binary tree, data iliyopangwa kwa matawi), sasa mimi tangu nianze hivi vibarua sijaona mteja anataka kugeuziwa mti. Je huku kwetu wanauliza hayo? Wanakupa kitu uandike huku wanakutazama? Ni Kiingereza kitupu au wanachanganya? Na nikiulizwa mshahara niseme ngapi, maana nikitaja kikubwa watanifuta na nikitaja kidogo watanikamua. Kama yupo anayekaa upande wa kuuliza ndo ntafurahi zaidi.

---

bakendi_mkongwe amejibu:

Mimi nakaa upande wa kuuliza, kampuni ya malipo pia, naomba isiwe hiyo hiyo unayoendea maana ntakuwa nimevujisha mtihani 😂

Miti iache kidogo. Hayo ni ya akina Google, na siku ukiomba kule utayakuta kweli kwa hiyo usiyadharau, ila kwa junia wa hapa cha kwanza nafungua CV yako na GitHub yako (kule unakoweka kodi zako), nachagua projekti moja ile uliyoiandikia mbwembwe kuliko zote halafu nakwambia haya nielezee. Hapo ndo wengi wanapoishia. Mtu kaandika mfumo wa kuendesha hospitali, namuuliza mgonjwa akisajiliwa mara mbili kwa namba ile ile ya simu inakuwaje, anaanza kutazama dari. Swali wala si gumu, ila ile kazi aliifuata kwenye video mwanzo mwisho na yule wa kwenye video hakusajili mgonjwa mara mbili.

Kwa hiyo usiku wa leo fungua hicho kimfumo chako cha kikoba, kipitie jedwali kwa jedwali. Mwanachama akijitoa katikati ya mwaka hisa zake zinaenda wapi? Mweka hazina akikosea akaandika 50,000 badala ya 5,000 anarekebishaje, na nani anaona kwamba amerekebisha, au anafuta tu na ushahidi unapotea? Mkopo unapiga riba kwa tarehe ipi? Mimi mtu akiniletea kikoba kinachotumika na wamama kumi na tano wanaogombana kweli kuhusu hela nakaa vizuri kwenye kiti, kuliko kloni ya Netflix.

Halafu SQL, lugha ya kuiulizia databesi. Swali langu ni lile lile na silifichi kwa sababu hata ukilijua ntakufuata huko huko. Kuna jedwali la wateja na jedwali la oda, nipe wateja ambao hawajawahi kuagiza chochote. Watu wanakimbilia INNER JOIN ambayo inakuletea walioagiza, kinyume kabisa. Anayeelewa anaweka LEFT JOIN, inayobakiza wateja wote hata wasio na oda, halafu WHERE oda.id IS NULL, au NOT EXISTS, zote nakubali. Ukipata nakuongeza, oda zimefika milioni kumi na ukurasa unazunguka tu, unaanzia wapi? Nataka kusikia EXPLAIN (databesi ikueleze inavyotafuta), nataka kusikia indeksi (orodha ya kutafutia haraka), na uniambie umejuaje kama kolamu ya mteja_id ina indeksi au haina. MySQL (ile InnoDB) ukiweka foreign key (kolamu inayounganisha na jedwali lingine) inakuwekea indeksi yenyewe, Postgres haikuwekei hadi uweke kwa mkono wako. Kijana akinitajia hilo bila kuulizwa naachana na SQL naenda kwingine.

Na kwa kuwa ni malipo utaulizwa hela unazihifadhije. Ukisema float (namba ya desimali ya makadirio) nakwambia fungua Python andika 0.1 + 0.2 usome jibu kwa sauti. Inatoka 0.30000000000000004. Sasa zidisha hiyo kwa kamisheni za mawakala wa mwezi mzima halafu uende ukamweleze mhasibu. Hela unaweka DECIMAL (desimali kamili) au namba nzima, basi.

Kuandika huku unatazamwa kupo ndiyo. Mara nyingi ni kitu kidogo, mfano nakupa orodha ya miamala nakwambia nitolee iliyojirudia. Ukiweka lupu ndani ya lupu sikufukuzi, ila kwa miamala elfu kumi hiyo ni kulinganisha karibu mara milioni hamsini, wakati ukiwa na seti ya namba ulizokwisha kuziona unapita orodha mara moja tu. Kwenye PHP hata arei ya kawaida inakutosha, namba ya muamala unaifanya ufunguo. Kikubwa ONGEA. Sema unachofikiria hata kama ni ujinga, "nadhani hapa nikianza kwa kuzipanga..." nikisikia unaelekea sipo nakusogeza. Ukikaa kimya dakika kumi mimi sijui umekwama au intaneti imekata.

---

msaka_tonge amejibu:

Utasoma yote hayo halafu nafasi anapewa mpwa wa bosi. Nyingine hizo ni za kukamilisha utaratibu tu mkuu. Nenda ila moyo uache nyumbani

---

bakendi_mkongwe amejibu:

@msaka_tonge sikatai, zipo. Ila mpwa wa bosi kwenye hii kazi anajulikana wiki ya kwanza tu seva ikilala saa nane usiku.

---

kirinyaga_rd amejibu:

Niaje wakuu. Mimi niko Nairobi lakini naona maswali ni yale yale, na kama ni kampuni ya malipo hawawezi kukuachilia bila kukuuliza kuhusu pesa iliyopotea njiani, hiyo ndio mkate wao.

Huku tunatumia Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom (mlango wa mfumo wako kuongea na wao), nyinyi huko mtakuwa na M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money, Mixx (zamani Tigo Pesa), lakini wazo halibadiliki sana. Unatuma ombi la STK (la kumwomba mteja alipe), simu ya mteja inawaka inaitisha PIN, na API inakujibu hapo hapo ResponseCode 0. Sasa majunia wengi wanaona hiyo 0 wanaandika "imelipwa" wanampa mtu mzigo wake. Hapana! Hiyo 0 ni kusema ombi limepokelewa pekee yake. Jibu la ukweli linakuja baadaye kwa URL yako na ndani yake kuna ResultCode, hiyo ndio ikiwa 0 pesa imeingia. Ikiwa 1032 jamaa alikataa mwenyewe, 1 hana salio, 1037 simu haikupatikana ama aliiangalia tu hadi muda ukaisha.

Kisha wanakufinya. Na hilo jibu likikuja mara mbili? Kila ombi lina CheckoutRequestID yake, unaiweka unique (isijirudie) kwa databesi, la pili likikuja linagonga ukuta, unarudisha 200 (yaani nimepokea) kama kawaida na salio la mtu hulishiki. Na lisipokuja kabisa juu seva yenu ilikuwa chini? Hapo unasema hungoji, unauliza wewe. Kuna njia ya kuulizia hali ya ombi, so unaweka kazi ya nyuma inapita kila baada ya muda inaokota zile bado ziko pending inaziulizia moja moja. Na mwisho wa siku unalinganisha rekodi zako na taarifa ya akaunti kutoka kwa mtandao wa simu. Ukiyasema haya na umetulia, hata ukikosa swali la algoritimu watakuangalia kwa jicho lingine.

Kitu kingine, usiseme unajua kitu juu kiko kwa tangazo. Wakiandika Docker (ya kufungasha programu iwake popote) na hujawahi kuitumia sema hujaitumia, lakini ujue inafanya nini. Mtu akidanganya kimoja naanza kushuku vyote.

---

dada_wa_tabata amejibu:

Walionitangulia wamemaliza ya kiufundi, mimi niongelee paneli na ile kazi ya kupeleka nyumbani maana hujaitaja ila inaweza kuja.

Paneli usitegemee watu wa kompyuta watupu. Utakuta HR, utakuta mtu wa fedha au wa bidhaa, na fundi mmoja anayechezea simu anakusubiri ukosee. Lugha: wataanza Kiingereza, ukiona wamechanganya na wewe changanya, ila sehemu ya "tuambie kuhusu wewe" iandae kwa Kiingereza kabisa uiseme kwa sauti nyumbani mpaka isitoke kama shairi la darasa la tano. Dakika mbili zinatosha. Usianze na shule ya msingi jamani!! Anza na ulichokijenga na nani anakitumia.

Watakuuliza ulishawahi kutofautiana na mwenzako kazini, ukafanyaje. Unaweza kudhani huna kwa sababu hujaajiriwa, lakini vibarua vyako vimejaa hayo. Yule mwenye duka aliyetaka afute mauzo ya jana bila kuacha alama ukamkatalia ukamtengenezea kitufe cha kurekebisha kinachoacha rekodi, hiyo ni hadithi tosha. Sema hali ilikuwaje, wewe kama wewe ulifanya nini, ikaishaje. Na sema "nilifanya" pale ulipofanya wewe, kila kitu "tulifanya tulifanya" wanashindwa kujua umo au haumo.

Sasa kazi ya nyumbani. Ikiwa ya kawaida ni kitu cha masaa machache, API ndogo ya kusajili na kutuma hela kati ya akaunti mbili hivi. Hapo wanaangalia vitu ambavyo sio programu peke yake. README (faili la maelezo) ya kueleza naiwashaje, komiti (kila hatua unayohifadhi) zenye maneno yanayoeleweka sio "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho kweli", testi hata nne tano, na faili la .env (la siri za mfumo) usilipandishe GitHub na nywila zako ndani, hilo peke yake wengine wanakutoa. Ukiacha kitu kwa kukosa muda andika kwenye README umeacha nini na kwa nini.

Ila kuna za kihuni. Mimi kampuni moja (siitaji) walinipa "jaribio" la mfumo mzima wa kuweka oda za hoteli, na nembo yao, na vyumba vyao na bei zao, ndani ya wikiendi. Hilo sio jaribio, hiyo ni kazi ya mteja wao. Nikawaandikia kwa heshima kwamba ntafanya sehemu ya kuweka oda tu kwa data ya kubuni na ntaionyesha kwenye seva yangu, wakapotea mpaka leo. Dalili ni hizo, data halisi, nembo halisi, na hakuna anayekwambia watapimaje.

---

mbagala_kwetu ameandika:

Aisee asanteni sana, @kirinyaga_rd hiyo ya ResultCode naenda kuisoma sasa hivi. @dada_wa_tabata yule mwenye duka umemjuaje 😅 maana ni kweli kabisa.

Bado la mshahara. HR ameshatuma fomu kuna sehemu ya "matarajio ya mshahara" na haikubali kuachwa wazi

---

mhasibu_wenu amejibu:

Mimi si developa, napitaga tu humu, ila hapa kwenye mshahara niachieni maana vijana mnaumia.

Kwanza ujue unachotaja ni kabla au baada ya makato, na kwenye fomu andika neno "gross" (kabla ya makato) pembeni. Tuchukue mfano wa 1,500,000 kwa mwezi, sisemi ndio bei yako, ni mfano. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) upande wako asilimia 10, hiyo 150,000. Inabaki 1,350,000 ndio inayotozwa PAYE, kodi ya mshahara. Kwa viwango vya Bara 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo mpaka 520,000 asilimia 8, mpaka 760,000 asilimia 20, mpaka milioni asilimia 25, kinachozidi milioni asilimia 30. Ukijumlisha inakuja 233,000. Mkononi 1,117,000.

Haijaisha. Ulisoma kwa mkopo? Bodi ya mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kama wote ni wa msingi hiyo ni 225,000 nyingine. Umebaki na 892,000 kwenye milioni na nusu uliyoitangaza kwa shemeji zako. Kwa hiyo usianze na "nataka 1.5", anza na kodi ya chumba, nauli, chakula, unayemtumia nyumbani, bando, upate unachohitaji mkononi halafu urudi juu.

Andika renji (kuanzia ngapi hadi ngapi), na ile ya chini iwe unayoweza kuishi nayo bila kununa, kwa sababu ndiyo watakayoisikia. Na uliza bima ya afya, uliza kama intaneti na laptopu ni yao, uliza kipindi cha majaribio ni muda gani na mshahara unabadilika kikiisha au ni ule ule.

---

msaka_tonge amejibu:

Duh hiyo bodi ya mikopo hiyo

---

ajira_ya_serikali amejibu:

Niongezee kwa wale wanaosoma hapa wakisubiri za Utumishi (ajira za serikali), kule ni dunia nyingine. Unaomba kupitia Ajira Portal, jina likitoka kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili unaanza na mchujo wa kuandika, na kada za TEHAMA wanaweza kukuwekea na vitendo, halafu ndo mahojiano. Ule wa kuandika ni nadharia ya chuo, normalization, tabaka saba za OSI, hatua za kuunda mfumo, primary key na foreign key, vitu ambavyo developa wa mtaani kavisahau kwa hiyo rudia notisi. Vyeti ni halisi, si kopi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, result slip na provisional hazipokelewi, kama majina yanapishana kwenye vyeti uwe na deed poll (hati ya kisheria ya majina) mapema, na nauli na malazi ni juu yako. Watu wanatoka Kigoma na vyeti vya kopi wanarudishwa getini, inauma.

---

bakendi_mkongwe amejibu:

Nimesahau la AI na mwaka huu halikwepeki. Mimi nawaruhusu watumie ChatGPT kwenye kazi ya nyumbani, kampuni nyingine hawataki, kwa hiyo uliza kabla. Ila tukikaa pamoja nachukua fanksheni moja uliyoleta nakwambia badilisha hapa hapa, sasa hivi kutuma hela kunakatwa kamisheni, ongeza, na salio lisiende chini ya sifuri hata watu wawili wakituma kwa sekunde ile ile. Aliyeandika, au aliyeandikiwa na akasoma, anajua ashike wapi. Kwenye Laravel ntategemea DB::transaction (hatua zote zipite au zote zifutwe) na lockForUpdate (kufunga rekodi mwingine asubiri), ukizitaja uwe tayari kusema bila hiyo lock ingetokea nini. Wote wawili wanasoma salio 10,000, kila mmoja anatoa 8,000, na wote wanapita. Chora kwenye karatasi hiyo hatua kwa hatua leo.

Wakati wa Meet usiwe na dirisha la pili linalokujibu. Macho yanaonekana yanasoma, kushoto kulia kushoto kulia.

Mwishoni watakuuliza una swali? Usiseme sina. Uliza nani ataipitia kazi yangu kabla haijaenda kwa wateja, uliza mara ya mwisho mfumo ulipolala mligunduaje, nyie au mteja alipiga simu. Majibu yao hapo yatakwambia kama utajifunza kitu au utakuwa zimamoto tangu siku ya kwanza. Na kama wakikwambia wewe ndo utakuwa developa peke yako, junia, kwenye kampuni inayoshika hela za watu, fikiria mara mbili hata kama mshahara mtamu.

---

mbagala_kwetu ameandika:

Wakuu barua pepe imekuja muda huu. Imeandikwa "Thursday 4:00, Google Meet". Sasa hii ni saa nne asubuhi au saa kumi jioni?? Haina AM haina PM

---

dada_wa_tabata amejibu:

😂😂 Wabongo hao, hata wao hawajui. Jibu sasa hivi, shukuru halafu andika "naomba kuthibitisha ni 10:00 asubuhi au 16:00 jioni". Usikisie. Na siku hiyo weka bando kwenye simu pembeni umeme ukikata uhamie hotspoti.

---

mbagala_kwetu ameandika:

Kajibu. 10:00 asubuhi.